Hedhi Inapokoma, Ubongo Hupitia Nini?

Usahaulifu wa miaka ya kukoma hedhi wanawake wengi huuficha kwa hofu na aibu. Tunajibu hapa maswali yanayoulizwa kwa sauti ya chini.

Kukoma hedhi ni nini hasa?
Ni kutimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, pasipo sababu nyingine kama mimba au dawa. Wengi hufika hapo wakiwa na miaka 45 hadi 55, lakini dalili huweza kuanza miaka kadhaa kabla, siku zinapoanza kuruka.

Ubongo unahusikaje?
Ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, hutoa estrojeni. Hii ni homoni, kemikali inayopeleka ujumbe mwilini kwa njia ya damu, na hufanya kazi hata kwenye sehemu za ubongo zinazosimamia kumbukumbu, usingizi na joto la mwili. Inapopungua, ubongo hudhani mwili una joto kupita kiasi, nawe unaamka usiku umelowa jasho. Usiku kama huo ukijirudia wiki nzima, si ajabu majina ya watu yakakuponyoka.

Je, huu ni mwanzo wa dimensha, maradhi yanayoharibu kumbukumbu na fikra hadi mtu ashindwe kujitunza?
Kwa wengi, hapana. Utafiti uliowafuatilia wanawake wa Marekani kuanzia 1996 ulionyesha kuwa uwezo wa kujifunza mambo mapya ulilegea katika kipindi cha mpito, kisha ukarejea. Kusahau jina likakujia baadaye si sawa na kupotea njia ya nyumbani kwako. Hilo la pili lahitaji daktari.

Ni kweli damu isiyotoka hupanda kichwani?
Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa uso huwaka na kichwa huweza kuuma. Lakini hakuna damu inayokusanyika: utando wa ndani ya mji wa mimba hauongezeki tena kila mwezi, basi hakuna cha kutoka. Machozi na hasira za ghafla nazo si kurogwa, na mama asituhumiwe uchawi kwa sababu anasahau.

Dawa za homoni je?
Hupunguza joto na jasho, lakini daktari lazima kwanza aulize kuhusu saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Hazitolewi kwa ajili ya kuzuia dimensha. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa kati ya wanawake wa miaka 65 na zaidi, waliopewa mchanganyiko wa homoni mbili walipata dimensha takriban mara 2 ya wasiopewa. Usiazime vidonge vya mwenzako.

Nina haki gani kwenye kituo cha afya?
Kusikilizwa faraghani na kueleweshwa kwa lugha unayoijua. Omba upimwe wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, maana hitilafu zake nazo huleta usahaulifu. Ukishauriwa kutolewa ovari, uliza faida na madhara kabla ya kutia saini.

Na hata kama hujisikii vibaya, pima shinikizo la damu. Huelekea kupanda zaidi baada ya hedhi kukoma, na huumiza ubongo bila kuleta maumivu.