Baiskeli ya kwanza ya milima: maswali kutoka Kibaha na Kisarawe

Fundi, nakaa Maili Moja, Kibaha. Sijawahi kuwa na baiskeli ya gia. Nianzie wapi?

Anza na udongo, kijana wangu. Kibaha ni mchanga. Ukiacha lami ya Barabara ya Morogoro ukaingia njia za Ruvu Kaskazini au mashamba ya mikorosho upande wa Soga, tairi jembamba linazama na unaishia kusukuma. Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi. 26 x 1.95 maana yake kipenyo ni inchi 26 na upana karibu inchi mbili. Kwa mchanga wako tafuta upana wa inchi 2.1 au zaidi, kisha punguza upepo kidogo ili tairi litandazike juu ya mchanga lisiuchimbe. Kipenyo cha 27.5 au 29 ni kizuri, lakini kwa anayeanza napendelea 26, kwa sababu tyubu yake utaipata hata kwa fundi wa chini ya mwembe.

Mimi niko Kisarawe, na nataka kupanda vilima vya Pugu. Muuzaji ananisifia gia 21. Ananidanganya?

Hakudanganyi, ila namba hiyo haikusaidii. Ni spoketi tatu za mbele mara saba za nyuma, na nyingi kati ya hizo zinakaribiana sana kwa uzito. Kwa mpanda mlima, gia iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo ya kuangaliwa. Inama uhesabu meno: spoketi ndogo kabisa ya mbele, na kubwa kabisa ya nyuma. Ikiwa ni 28 kwa 28, kila ukizungusha pedeli mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja, na baiskeli ya inchi 26 inasogea mita mbili hivi. Ikiwa ni 24 kwa 34, inasogea kama mita moja na nusu, na hapo mguu unapumua. Mtu akiniuliza, nachukua hiyo ya pili hata kama ina gia chache.

Kisarawe pia inadai breki. Wakati wa masika tope la njia za msitu wa Pugu-Kazimzumbwi hushika rimu, na breki zinazobana rimu hula mpira haraka sana huku zikikosa nguvu kwenye mteremko. Breki za diski za waya zinafaa zaidi, na fundi yeyote makini anazirekebisha. Zile za mafuta ni tamu kushika, lakini ziache kwanza mpaka umjue fundi mwenye vifaa vyake.

Ninunue mpya ya dukani au mtumba?

Kwa pesa ileile, mtumba mzuri mara nyingi unaishinda mpya ya bei ya chini, mradi uukague mwenyewe tena mchana. Futa vumbi pale bomba za fremu zinapoungana chini ya usukani, uangalie kama kuna ufa. Rangi iliyopasuka kwa mstari ni dalili mbaya. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ikigonga, gololi za usukani zimelegea au zimekwisha. Inua gurudumu ulizungushe uone kama linayumba. Pima cheni kwa rula: kutoka pini moja hadi ya ishirini na nne mbele yake ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, imechoka, na pengine imeshakula spoketi.

Jambo moja wengi hulipita. Mtumba wa Japani kwa kawaida una breki ya mbele mkono wa kulia, wa Ujerumani mkono wa kushoto. Hakikisha kabla hujateremka popote, maana kubana ya mbele kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma kutakurusha juu ya usukani.

Zenye shokapu mbele na nyuma?

Kwa bei ya anayeanza, hapana. Shokapu rahisi ya nyuma inaongeza uzito na inameza nguvu zako kila unapokanyaga. Ya mbele peke yake inatosha, na hata foku ngumu, isiyo na shokapu, itakufundisha kuchagua njia.

Fundi, mwanangu ana miaka 14. Nimnunulie kubwa ili aikulie?

Mama, usifanye hivyo. Asimame juu ya fremu miguu yote ikigusa chini. Bomba la juu liwe chini ya kinena chake kwa angalau sentimita tano. Fremu kubwa hawezi kuidhibiti kwenye mteremko. Kiti kinapandishwa akikua, fremu haibadiliki. Na helmeti inunuliwe siku hiyohiyo, imkae bila kuchezacheza.

Na miiba?

Miiba ya mbigili ni mingi, hasa kiangazi. Beba tyubu ya akiba, pampu na viraka. Ukipata pancha, papasa ndani ya tairi taratibu kwa vidole kabla ya kurudisha tyubu; mwiba uliobaki utaitoboa tena kabla hujafika Mlandizi.