Vigae juu ya sakafu ya mbao na zege: mambo ya kuafikiana kabla ya kulipa

Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia viunga vya Nairobi hadi Limuru na Nanyuki, zingalipo nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi. Mwenye nyumba anapoongeza jiko au sebule, aghalabu sehemu mpya hujengwa kwa zege. Baadaye hutaka sakafu zote mbili zifunikwe kwa vigae vya aina moja, na pengine nyaya za umeme za kupasha joto zilazwe chini yake kwa ajili ya baridi ya Julai. Kazi hiyo inawezekana. Hata hivyo, isipopangwa vyema, ufa hujitokeza pale mbao na zege zinapokutana, nayo gharama humwangukia mtumiaji. Katika somo hili tunaeleza chanzo cha ufa huo na namna ya kujikinga.

Kwa nini vigae hupasuka

Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba. Hewa ikikauka, husinyaa. Tena hunepa kidogo mtu anapopita. Zege halinepi vivyo hivyo, lakini zege jipya husinyaa kadiri linavyokauka. Joto linapowashwa, kila upande hutanuka kwa kiasi chake. Kigae nacho hakipindiki. Kikilazwa nusu juu ya mbao na nusu juu ya zege, huvutwa pande mbili hata kikapasuka au kubanduka, hata kiwe cha bei ya juu namna gani. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kigae kimoja kisikalie sakafu mbili.

Kagua sakafu kwanza

Weka glasi ya maji juu ya sakafu ya mbao, kisha mtu atembee karibu nayo. Maji yakitikisika sana, mwite fundi akague boriti kabla hujanunua chochote. Kipimo kinachotumika sana Marekani kwa vigae vya kauri ni kwamba boriti isinepe zaidi ya sehemu 1 kwa 360 ya urefu wake kati ya mihimili. Boriti ya mita 3.6, kwa mfano, isinepe zaidi ya milimita 10. Hakikisha pia kwamba matundu ya hewa chini ya mbao hayazibwi, kwani unyevu uliofungiwa huozesha boriti.

Zege jipya lipewe muda wa kukauka. Siku 28 zinazotajwa na mafundi ni za zege kupata nguvu. Kukauka kwaweza kuchukua muda mrefu zaidi.

Namna kazi inavyopaswa kufanywa

Mbao zifunikwe kwa bodi ya saruji iliyokazwa kwa skrubu. Pale sakafu mbili zinapokutana, mstari kati ya vigae uangukie juu ya kiungo chenyewe, nao ujazwe silikoni inayonyumbuka, si simiti. Kandokando ya kuta uachwe mwanya mdogo, ambao hufichwa na ubao wa ukutani.

Kwenye mfuko wa gundi ya vigae, tafuta alama C2 pamoja na S1 au S2. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 13007, C2 ni gundi ya saruji yenye mshiko ulioimarishwa, S1 ni ile inayoweza kunepa, na S2 hunepa zaidi. Mchanganyiko wa kawaida wa simiti na mchanga haufai juu ya mbao.

Ikiwa kuna nyaya za joto

Kila upande uwe na nyaya zake na kidhibiti joto chake. Nyaya zisivuke kiungo. Fundi wa umeme awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Apime ukinzani wa nyaya mara tatu: kabla ya kuzilaza, baada ya kuzilaza na baada ya vigae kukamilika. Matokeo yaandikwe kwenye kadi ya dhamana, kwani bila hayo ni vigumu kujua ni nani aliyeharibu waya. Joto lisiwashwe hadi gundi ikauke kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, kisha lipandishwe polepole. Kiwango cha Ulaya cha EN 1264 huweka ukomo wa nyuzi 29 za selsiasi kwa uso wa sakafu ya vyumba vinavyokaliwa.

Andika matumizi yako

Ufa ukitokea, muuzaji humlaumu fundi, naye fundi hulaumu gundi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake: bidhaa hiyo lazima ifae kwa matumizi hayo. Ukiagiza kwa kutaja jina la kibiashara pekee, huenda ukakosa kinga hiyo. Kwa hiyo omba risiti iandikwe: “gundi ya vigae kwa sakafu ya mbao na zege, yenye nyaya za joto.” Katika mkataba wa fundi, taja nani atashughulikia kiungo, na kwa njia gani. Hifadhi risiti, mfuko mmoja wa gundi, na vigae vichache vya shehena ile ile.

Msiposikilizana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yaitaka iamue ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Waweza kujiwakilisha bila wakili. Utakachohitaji mbele yake ni maandishi hayo hayo, na wakati wa kuyadai ni kabla ya kulipa.