Nilifungua Biblia, Nikaambiwa Niache Kazi

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Makambako. Kwa miaka tisa nimekuwa karani wa stoo kwenye duka la pembejeo. Bosi hana ubaya, ila mshahara haupandi na nimechoka. Tangu mwaka jana nimo katika kikundi cha maombi cha akina mama. Tulifundishwa kila alfajiri kuomba, kufumba macho, kufungua Biblia na kupokea andiko la siku. Mwezi uliopita kidole changu kiliangukia Kumbukumbu la Torati 1:6, pale Mungu anapowaambia watu wake kwamba wamekaa mlimani kiasi cha kutosha. Nililia, Shangazi. Siku tatu baadaye mhubiri wa redioni akataja andiko lile lile! Nikaandika barua ya kuacha kazi, niende Dar es Salaam kuuza mitumba.

Mume wangu, Baba Neema, anasema tusubiri, Januari kuna ada. Kiongozi wetu anasema Baba Neema anatumia akili za kibinadamu. Nilipomwuliza kama nisome sura nzima, akanijibu kwamba Paulo alishaonya: herufi humuua mtu, Roho ndiye ampaye uzima, kwa hiyo neno la Mungu tusilichambue kama mtihani. Ukutani nina kalenda ya Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo mema ya Mungu, na kila nikiutazama napata nguvu ya kuondoka. Je, nisimame kwa imani, au kweli sijui kusoma Biblia?

Mama wa Wawili, Makambako

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kuanzia salamu hadi jina. Ningedokoa mstari mmoja wa katikati, ule wa kuchoka, ningekujibu jambo ambalo hukuniuliza. Basi hivyo hivyo ndivyo tutakavyoisoma sura uliyopewa na kidole chako. Kabla ya hapo, barua ya kuacha kazi usiipeleke. Sisemi ubaki stoo mpaka uzeeke. Nasema mstari ule haukukuambia uondoke.

Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 1, uanze juu kabisa. Anayesema ni Musa, na ni mwaka wa 40 tangu watoke Misri. Walio mbele yake wengi ni watoto wa wale waliotoka. Wazazi wamekwisha kufia jangwani. Musa anawasimulia hao watoto kilichowapata wazazi wao. Mlima anaoutaja ni Horebu, mahali walipokaa karibu mwaka mzima, wakapewa sheria na kujenga hema la kukutania. Kwa hiyo mlima ule haukuwa mkosi wala kifungo. Ndiyo shule yao. Na walipoambiwa wameshakaa vya kutosha, waliambiwa pia waende wapi: nchi ya vilima ya Waamori, na kuendelea, imetajwa kwa majina.

Sasa usiishie hapo, teremka mpaka mwisho wa sura. Watu walifika Kadesh-barnea, safari ambayo sura yenyewe inasema ni ya siku 11 tu, wakaogopa, wakakataa kupanda. Mungu akawaambia warudi jangwani. Ndipo wakageuka, wakajifunga silaha, wakasema sasa tuko tayari. Wakakatazwa, wakaenda kwa kujiamulia. Waamori wakawatoka na kuwafukuza kama nyuki. Wakarudi wakilia, na kilio chao hakikusikilizwa. Yote hayo yamo katika sura moja na mstari wako, mwanangu. Kidole kingeteleza mpaka mstari wa 42 ungepewa amri ya kutokwenda popote, na ungelia vilevile.

Kuhusu redio, usitetemeke. Mstari huo unapendwa sana na wahubiri, hasa kwenye mikesha ya kufunga mwaka. Kuusikia mara mbili ndani ya wiki hakuufanyi kuwa ujumbe uliotumwa kwako.

Tuje kwenye kalenda yako. Yeremia 29 ni barua, tena imeandikwa hivyo tangu mstari wa kwanza: imetoka Yerusalemu, imepelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Siku hizo nabii mmoja aitwaye Hanania alikuwa ameahidi kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakuwa yamekwisha, mateka watarudi nyumbani. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, mbele ya makutano. Ilikuwa ahadi tamu. Soma sura ya 28 uone alivyoishia: alikufa mwaka uleule. Barua ya Yeremia ikaja na maneno mengine. Jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto wenu, uombeeni amani mji mliohamishiwa, kwa maana mtakaa miaka 70. Mtu aliyekuwa na miaka 30 siku barua ilipofika, alijua atazikwa ugenini. Mawazo mema ya Mungu yanatajwa baada ya hesabu hiyo. Hawa ndio waliopewa mstari wako wa 11.

Kiswahili chetu hapa kimetupa msaada ambao Kiingereza cha leo hakina. Sisi tunatenga wewe na ninyi. Tazama kitenzi katika mstari ule wa kalenda: Mungu anawazia "ninyi", watu wengi, taifa zima na vizazi vyake. Ahadi ile inatufariji hata sisi, maana inatuonyesha Mungu ni wa namna gani. Lakini si tarehe ya kupandishwa cheo ya mtu mmoja. Na uone jambo hili, ambalo limenifanya nikuandikie kwa urefu: mstari wa kidole chako umeusikia unasema toka, na wa ukutani, ukisomwa pamoja na wenzake, unawaambia watu wakae na kupanda bustani. Umeiunganisha yote miwili ikakubaliana, kwa sababu ulikuwa umeshachoka na kazi kabla hujafungua Biblia.

Sikusemi kwa kukucheka. Nina jeraha langu.

Nilikuwa na miaka 29 mama yangu alipolazwa. Usiku mmoja nilifunua Biblia nikaangukia 2 Wafalme 20, pale mfalme Hezekia anapoongezewa miaka 15. Nikapiga magoti nikaipokea miaka ile kwa ajili ya mama. Kila alipotaka kuzungumza nami habari za wadogo zangu na kiwanja cha baba, nilimziba mdomo: mama, usikiri mauti. Alinyamaza kwa kunihurumia. Baada ya wiki tatu alifariki, na mpaka leo hatujui alitaka mdogo wetu wa mwisho alelewe na nani.

Miaka ilipita kabla sijairudia sura ile na kuisoma yote. Inaanza kwa nabii Isaya kumwambia mgonjwa atengeneze mambo ya nyumba yake. Ndilo jambo mama alilokuwa akilifanya kitandani, na mimi, binti yake mwenye imani, ndiye niliyemzuia. Na mstari wa 7, mara tu baada ya ile ahadi, Isaya anaagiza mkate wa tini, wanaubandika juu ya jipu. Dawa imo palepale. Nilikuwa nimesoma mistari miwili nikaifunga Biblia.

Utaniambia, lakini Mungu amewahi kusema na watu kwa njia hii. Ni kweli, na mfano mkubwa ni wa Mwafrika mwenzetu. Mwaka 386, huko Milano, Augustino, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Aljeria, alifunua nyaraka za Paulo katika bustani, akasoma pale macho yalipoangukia, Warumi 13, na maisha yake yakageuka. Wengi husimulia hapo wakaacha. Alichokisoma kilikuwa amri iliyo wazi kwa kila Mkristo, ya kuacha ulevi na uasherati, na hakikumtabiria biashara wala safari. Nyaraka zile alikuwa akizisoma tayari, na mahubiri ya askofu Ambrosi alikuwa ameyasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza Ambrosi aanze na kitabu gani. Akaambiwa Isaya. Akajaribu, hakuelewa, akakiweka kando mpaka azoee zaidi lugha ya Maandiko. Baadaye, akiwa askofu, aliandika waziwazi kwamba haipendi desturi ya kupiga kura kwa kurasa za Injili ili kuamua mambo ya dunia. Mtu huyo angeweza kuifanya siku yake ya bustanini kuwa kanuni ya kanisa. Hakuifanya. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa vitabu vyake vingi.

Kiongozi wako naamini anakupenda, ila amekosea, na amekosea kwa njia ileile ya kudokoa mstari. Katika 2 Wakorintho 3 Paulo anazungumza habari za agano la Musa, lililochorwa katika mbao za mawe, akililinganisha na agano la Roho. Hakuwa anamkataza mama wa Makambako kusoma sura nzima. Mtu anayekataza uchunguzi atafanya nini na watu wa Beroya, katika Matendo 17, wanaosifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili wahakikishe kama Paulo mwenyewe anasema kweli? Au wale Walawi wa Nehemia 8, waliosomea watu sheria na kuwaeleza maana mpaka wakaelewa? Tena kulitaja andiko peke yake si usalama. Mjaribu alimtajia Bwana Yesu Zaburi ya 91 juu ya kinara cha hekalu, akaacha maneno ya kulindwa katika njia zako, na Bwana akamjibu kwa andiko lingine. Roho Mtakatifu huwakumbusha wanafunzi waliyoyasikia. Tukisikia kidogo, akumbushe nini?

Basi fanya hivi. Alfajiri yako usiipoteze, ni hazina; badilisha unachokifanya ndani yake. Acha kufumba macho. Chagua kitabu kimoja kifupi, nami nakuchagulia Ruthu, sura 4 tu. Siku ya kwanza kisome chote kwa mpigo, kwa sauti. Nusu saa haiishi. Sahau namba. Sura zilipangwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ikapata namba tulizozizoea mwaka 1551, kwa mkono wa mchapaji Robert Estienne. Namba hutusaidia kupata mahali, lakini zimetuzoesha kula Biblia tonge moja moja. Vile vichwa vya habari vyenye wino mzito navyo vimewekwa na wachapishaji.

Kuanzia siku ya pili, sura moja kwa siku mbili au tatu, na daftari la shule la kawaida. Andika nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, nini kimetokea kabla. Utakutana mapema na yale maneno ya kufuatana na kutoachana, yanayosomwa sana kwenye harusi. Andika nani aliyasema kwa nani. Utakuta ni mkwe kwa mama mkwe, wajane wawili njiani, hawana hata mchele wa kesho. Mimi nilipoligundua hilo nilianza kumpigia simu mama mkwe wangu kila Jumapili.

Ukiona Ruthu anaokota masalio shambani, usikisie. Fuata rejea ya pembeni ikupeleke Mambo ya Walawi 19, uone kwamba ilikuwa haki ya maskini na mgeni. Neno likikushinda katika Biblia ya Muungano, ambayo ilitoka 1952 na Kiswahili chake ni cha siku zile, linganisha na Habari Njema. Mchungaji wako huenda ana itifaki na kamusi ya Biblia, omba uviazime. Swali la "andiko hili linaniambia nini mimi" liandike mwisho wa ukurasa. Lina haki yake, ila lisubiri zamu. Na ukiona jibu linafanana mno na ulichokuwa ukikitaka tangu jana, rudia kusoma, kisha mwonyeshe mtu asiyeogopa kukupinga. Unaye nyumbani.

Maana Baba Neema hajapinga imani yako, amekukumbusha ada. Bwana Yesu katika Luka 14 anamtolea mfano mtu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kaeni wawili, mpige hesabu ya belo moja, nauli, chumba cha Dar es Salaam, na miezi ambayo hamtauza kitu. Kama hesabu inakubali, nenda, wala huhitaji mlima wa Horebu kukuruhusu. Kama haikubali, muombe bosi nyongeza, kwa maandishi. Miaka tisa ya kutunza stoo bila malalamiko ni hoja nzuri.

Barua ile ya kuacha kazi iweke ndani ya daftari, kwenye Ruthu. Ukifika sura ya 4 utamkuta ndugu wa karibu aliyekubali kulikomboa shamba, kisha akabadili nia pale pale langoni. Hakutajwa hata jina. Niandikie uniambie aliogopa nini, na umejuaje.