Maziwa ya moto yasiguse plastiki

Ftaleti, kemikali zinazolainisha plastiki, huyeyuka zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ndiyo maana samli, siagi na malai huzinyonya kirahisi, na joto huzidisha kasi.

• Ukishachemsha maziwa, yaache yapoe kwenye sufuria. Kuyamimina yakiwa bado yanafuka mvuke kwenye jagi la plastiki au mfuko wa nailoni ni kosa kubwa, na ni rahisi kuliacha.

• Nenda dukani na chombo chako, cha aluminiamu au chuma cha pua. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula usilipe kazi ya maziwa: mikwaruzo ya ndani haisafishiki, na vijidudu hujificha humo.

• Samli ikae kwenye chupa ya kioo.

• Geuza chombo cha plastiki usome namba iliyo ndani ya pembetatu. Epuka 3, ambayo mara nyingi huwa na ftaleti. Namba 7 huenda ikawa na bisfenoli A, kemikali iliyopigwa marufuku na Umoja wa Ulaya kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Anza na chupa ya mtoto mchanga. Mwili wake mdogo hupokea kemikali nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito.