Mpelelezi wa Gaborone

Zamani nilidhani kitabu cha upelelezi kisicho na bastola na maiti ni kitabu cha watoto. Muhula uliopita, nikitafuta habari za kusini ya Afrika katika maktaba yetu, nilichukua kwa makosa kitabu cha Alexander McCall Smith kilichotoka mwaka 1998, cha kwanza katika mfululizo ambao sasa umepita vitabu ishirini. Nilisoma ukurasa mmoja nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Mwandishi huyu alizaliwa Bulawayo mwaka 1948, akawa mwalimu wa sheria, na alifundisha Botswana pia. Basi nchi anayoieleza anaijua. Mpelelezi wake ni mwanamke mnene, Precious Ramotswe, mzaliwa wa Mochudi. Baba yake, Obed, alifanya kazi miaka mingi katika migodi ya Afrika Kusini, na vumbi likamharibu mapafu. Alipokufa alimwachia binti ng'ombe. Binti akawauza, akafungua ofisi chini ya kilima cha Kgale, karibu na Gaborone. Ana gari dogo jeupe, taipureta kuukuu, na birika la chai. Karani wake, Mma Makutsi, alipata alama 97 kwa mia katika chuo cha ukarani, wala hachoki kulitaja jambo hilo. (Hapa shuleni tunao wa namna hiyo, nao hawajafika 97.)

Sasa tutazame kazi yake. Mwanamke mmoja, Happy Bapetsi, alijiwa na mzee aliyesema, "Mimi ndimi baba yako." Akampokea, akamlisha, lakini moyo ukaingia shaka. Mma Ramotswe hakumwuliza mzee habari za ukoo, maana mwongo huwa amekwisha jifunza majibu. Alivaa nguo za muuguzi, akamwendea, akamwambia kwamba binti ameumia vibaya, anahitaji damu ya baba yake, na damu yenyewe ni nyingi hata huenda mtoaji akafa. Hapo mzee akakiri kuwa si baba. Angalieni vizuri: hakutafuta alama za vidole. Alijiuliza tu, baba wa kweli angefanya nini ambalo baba wa uongo hatalifanya?

Waliosoma habari za Bwana Msa katika vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Unguja watatambua tabia hii ya kutokuwa na haraka. Lakini msidhani kwamba kwa Mma Ramotswe yote ni chai na vicheko. Mume wake wa kwanza alikuwa akimpiga, na mtoto wao alikufa mchanga. Upole wake haukutokana na maisha mepesi.

Sababu ya kuandika haya ni jambo lililotokea bwenini. Shilingi 20,000 za mwenzetu zilipotea, na wote wakamnyoshea kidole mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza, kwa kuwa ndiye maskini kuliko wote. Mimi ni kiranja. Jina lake nilikuwa nimekwisha liandika katika karatasi ya kupeleka kwa mwalimu, na kosa la wizi hapa ni kufukuzwa. Usiku ule nilikuwa katikati ya habari za Bapetsi. Nikajiuliza, mwizi aliyeiba jana angekopa sabuni leo asubuhi? Mtoto yule alikopa, kwangu mimi mwenyewe.

Nikaichana karatasi, nikaanza kumwuliza mwenye fedha polepole: ulivaa nini, uliketi wapi, ulimwazima nani kitu? Tulifika kwenye soksi za mpira. Alizificha fedha ndani ya soksi, akasahau, akamwazima mlinda mlango wetu soksi zile zile. Fedha zilikuwa zingali ndani ya moja, zimekunjwa, chini ya kitanda cha mlinda mlango.

Nilimwendea mtoto kumwomba radhi. Alisema, "Haidhuru, kaka," lakini sabuni hakuja kukopa tena.

Kitabu nimekwisha kirudisha. Anayekitaka aanze na hicho cha kwanza, maana habari za Obed na migodi zimo humo.