Somo la Mizani na Kompyuta: Waya Uliokataa Kusema



Mkulima huchuma karafuu zake, huchambua makonyo, huanika majamvini huku akilitazama wingu, kisha huleta gunia mizanini. Kazi yake yote ya msimu huishia katika tarakimu chache zionekanazo katika kioo cha mizani. Tarakimu hizo zikinakiliwa vibaya, hasara ni yake. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi mizani nyingi za umeme zina tundu nyuma la kupelekea uzani katika kompyuta, ili karani asiuandike kwa mkono. Tundu hilo hufuata kanuni iitwayo RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu hilo. Zina la USB, lililoanza mwaka 1996. Kwa hiyo hutakikana waya wa katikati, wenye ncha moja ya USB na ncha ya pili yenye pini 9. Ndani yake mna chipu ndogo ifanyayo kazi ya mkalimani, na kompyuta nayo yahitaji programu ya kuifahamu chipu hiyo, iitwayo draiva. Kimoja kikikosekana, mizani itasema wala kompyuta haitasikia.

Waya ukikataa kusema, msikimbilie kununua mwingine. Fuateni hatua hizi moja baada ya moja.

1. Tazama kama kompyuta imeuona waya. Katika Windows fungua Device Manager, utazame orodha ya Ports. Ukiuchomeka waya, jina jipya litokee, mfano COM3; ukiuchomoa, lipotee. Lisipotokea mahali popote katika Device Manager, jaribu tundu jingine la USB. Likitokea pamoja na alama ya manjano, maana yake waya umeonekana lakini draiva haipo au haifai. Katika Ubuntu jina huwa ttyUSB0, na mtumiaji hana budi kuingizwa katika kundi la dialout, ama sivyo atakatazwa kulifungua.

2. Ijue chipu. Usiliamini jina la kwenye boksi. Kila chipu hujitaja kwa namba, na namba ya mtengenezaji yaonekana katika Device Manager, katika maelezo ya kifaa. 0403 ni FTDI. 067B ni Prolific. 1A86 ni WCH, mwenye CH340. 10C4 ni Silicon Labs. Draiva itwaliwe kwa mtengenezaji wa chipu yenyewe. Hapa jihadharini na chipu za kuigiza. Mwezi wa Oktoba 2014 draiva mpya ya FTDI ilizifuta namba za chipu zilizoigizwa ikaziandika 0000, na waya nyingi zikanyamaza ghafula. Draiva mpya za Prolific nazo huzikataa chipu za kuigiza na baadhi ya zile za zamani, zikaonyesha kosa namba 10. Waya wa bei nafuu kupita kiasi waweza kukufia katikati ya msimu.

3. Upime waya peke yake. Uchomoe kutoka mizanini, kisha unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande kidogo cha waya. Fungua programu kama PuTTY, chagua namba ya COM, uandike herufi. Herufi zikirudi katika kioo, basi waya, chipu na draiva ni vizima, nawe utafute kosa upande wa mizani. Zisiporudi, rudia hatua ya 1 na ya 2.

4. Linganisha mipango. Pande zote mbili ziwe na kasi moja, biti sawa na pariti sawa. Mizani nyingi hutumia kasi ya 9600, biti 8, bila pariti. Nyingine hutumia 2400, biti 7, na pariti ya shufwa. Soma kitabu cha mizani. Zikija herufi za ovyo, mipango hailingani. Kukiwa kimya kabisa, huenda pini ya 2 na ya 3 zahitaji kupishanishwa, au mizani yangoja ubonyeze kitufe cha kupeleka.

5. Shika tundu moja. Chipu zisizo na namba yake kila moja, kama CH340, hupewa namba nyingine ya COM zikihamishwa tundu. Tia alama ya rangi tundu ulilozoea. Tena, programu mbili haziwezi kulifungua tundu moja kwa pamoja. Funga PuTTY kabla ya kufungua programu ya kupimia.

Onyo: ziko waya zinazofanana na hizi lakini ni za volti 3.3 au 5. RS-232 yaweza kufika volti 15, na ukiziunganisha pamoja utaunguza chipu.

Waya ukiisha kusema, kazi bado. Mizani nyingi hutanguliza herufi ST uzani ukitulia, na US gunia likiwa bado latikisika. Programu na ipokee ST tu. Ikipokea lolote, gunia litaandikwa kilo lisizokuwa nazo, au litanyimwa zile lilizo nazo. Kila asubuhi wekeni jiwe la uzani unaojulikana, mkalinganishe kioo cha mizani, kioo cha kompyuta na risiti. Vitatu hivyo vikitofautiana, kazi ya kompyuta isimame, na uzani uandikwe kwa mkono kutoka kioo cha mizani, mwenye gunia akiwapo. Kusoma kioo hicho ni haki yake, awe ameleta gunia moja au mia.

Maswali ya kujipima: (a) Alama ya manjano yaonyesha nini? (b) Kwa nini pini ya 2 na ya 3 huunganishwa? (c) Herufi ST na US zina maana gani, na kwa nini zamhusu mkulima?

Mwanachama awezaye kuyajibu matatu haya na amfundishe mwenziwe kabla magunia hayajaanza kufika mizanini.