MAPATANO BAINA YA SHULE JIRANI

Ndugu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo, somo letu safari hii ni juu ya shule za serikali zilizo jirani: jinsi ziwezavyo kusaidiana kwa mapatano yaliyoandikwa.

Kwanza tujue haja yenyewe. Mwaka 2005 serikali ya Burundi iliondoa karo katika shule za msingi. Watoto wengi mno wakaingia, nayo madarasa hayakutosha. Wananchi walijenga mengi kwa kazi za pamoja za Jumamosi, lakini shule nyingi zililazimika kufundisha kwa zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine alasiri. Tena sheria ya mwaka 2013 iliifanya shule ya msingi kuwa ya miaka 9 badala ya 6. Basi shule iliyozoea ubao na chaki tu yatakiwa kufundisha sayansi za darasa la 9. Mtoto asiyepata kuona hadubini hata siku moja hufanya mtihani ule ule wa taifa na mwenzake aliyeitumia.

Hapa Bujumbura, katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, shule hazikai mbali mbali. Tuseme ziko shule tatu: moja ina vyombo vya sayansi, ya pili ina kiwanja, ya tatu ina vitabu. Kila moja yakosa vitu viwili. Zikipatana, kila moja itakuwa navyo vyote vitatu bila kununua kitu. Lakini hapana budi mapatano yawe na mambo haya matano.

1. Hesabu. Kila shule iandike kile ilicho nacho na kile inachokosa. Isiandike “vitabu vingi”, bali “vitabu 40 vya hesabu”. Isiyo na vyombo isione haya. Huenda ina mwalimu hodari wa Kifaransa. Kila mmoja na atoe kitu, kwa maana anayetoa peke yake huchoka, na anayepokea tu huona aibu.

2. Wakati. Zamu mbili hujaza siku. Jumamosi asubuhi ni ya kazi za pamoja. Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini. Wasabato hawasomi Jumamosi. Saa zilizobaki ni chache, kwa hiyo ratiba zote zilinganishwe, na kila shule ipewe saa yake.

3. Vitu vinavyovunjika. Hapa ndipo urafiki mwingi hufa. Yafaa kuandika mapema: kitu kikiharibika kwa uchakavu, shule zote zitachanga sawasawa, kikivunjwa kwa uzembe, italipa shule ya aliyekivunja. Kila kitokacho na kirudicho kiandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Mashahidi na waamuzi. Wazee wetu wa Burundi walikuwa na Bashingantahe, watu waadilifu walioshuhudia maagano na kusuluhisha magomvi. Hata Mapatano ya Arusha, yaliyotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, yaliwekewa kamati ya kusimamia utekelezaji wake. Ikiwa taifa lilihitaji kamati, sembuse shule? Kila shule itoe mwalimu mmoja, mzazi mmoja na mwanafunzi mmoja. Kwa shule tatu watakuwa 9, na kura haziwezi kulingana iwapo wote wapo na wote wamepiga.

5. Muda na sahihi. Mapatano yawe ya mwaka mmoja wa masomo, kisha yatazamwe upya. Mwalimu mkuu aweza kuhamishwa wakati wowote. Kwa hiyo atie sahihi kwa jina la shule, pamoja na kamati ya wazazi, na kila shule ihifadhi nakala. Afisi ya elimu ijulishwe pia, kwa kuwa mali ya shule ya serikali si mali ya mwalimu mkuu.

Mtu asidhani jambo hili ni geni. Shule nyingi za misheni nchini mwetu zaendeshwa kwa mkataba: serikali hulipa walimu na kuweka mtaala, nalo kanisa husimamia shule. Kama serikali na kanisa waweza kuandikiana, majirani wawili washindweje?

Nanyi kaka zetu, baadhi yenu sasa ni wazazi, makarani na mafundi. Karani aweza kuandika mapatano vizuri, na fundi aweza kutengeneza kabati ya vyombo. Sisi wanafunzi kazi yetu ni moja: kutunza cha mwenzetu. Anayewazomea wageni kiwanjani, au kurarua ukurasa wa kitabu cha kuazima, avunja kwa dakika moja neno lililopatanwa na wazee kwa miezi.

MASWALI
1. Shule yenu ina nini ambacho jirani hana?
2. Kwa nini mapatano yatiwe sahihi kwa jina la shule, si la mtu?
3. Andika sharti moja juu ya kitabu kilichopotea.